Kadi ya grafiki kwa kompyuta ndogo ya ofisini: pima kasha kabla ya kutoa hela

Vijana wanaonunua kompyuta za mtumba huniuliza swali hili kuliko mengine yote: "Kaka, hii Dell yangu niiwekee kadi gani ya bei rahisi nicheze gemu na kuhariri video?" Wengi hunitumia na bajeti yao, halafu wananisubiri nitaje jina la kadi. Mimi huwarudishia swali: umefungua kasha? Kwenye kompyuta hizi ndogo, kasha ndilo linalochagua kadi. Hela inakuja baadaye.

Nichukue mfano wa Dell OptiPlex 9020 ya kasha dogo, mashine ya 2013 yenye prosesa ya Intel kizazi cha nne. Zimejaa madukani Kariakoo, na Nairobi pia hazikosi, kwa sababu ofisi za Ulaya zilizitoa kwa wingi. Ni mashine imara. Lakini pawa saplai yake ni ya wati 255, na haina ule waya wa pini sita unaolisha kadi kubwa. Kwa hiyo kadi yako itakula umeme wa kwenye sloti (tundu refu la kuchomekea kadi kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta) peke yake. Kiwango cha juu cha sloti ya PCI Express x16 ni wati 75, na watengenezaji wengine huweka kikomo cha chini ya hapo kwenye makasha madogo. Tafuta kitabu cha modeli yako mtandaoni usome ukurasa wa sloti. Prosesa kama i5-4590 ina kiwango cha wati 84, bado diski na feni, kwa hiyo mimi napendelea kadi isiyozidi wati 50. Mashine haihangaiki, na kwa joto la Dar es Salaam hilo si jambo dogo.

Halafu kuna urefu. Kadi ya kawaida ina kibamba cha chuma, kile kinachofungwa kwenye kasha kwa nyuma, cha sentimita 12 hivi, na kasha hili linapokea kibamba cha sentimita 8. Kwenye boksi tafuta maneno "Low Profile". Kadi ndefu haiingii hata ukiisukuma vipi, na kukata kasha kwa msumeno, jambo ambalo nimeona watu wakilifanya, kunaiharibu mashine bila sababu.

Kuna na jambo la tatu ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Kwenye OptiPlex za aina hii sloti ya x16 imekaa jirani kabisa na pawa saplai. Kadi nene, ile inayochukua nafasi ya sloti mbili, haina pa kukaa. Ndiyo maana GTX 1050 Ti fupi, kadi nzuri sana ya Nvidia ya 2016 yenye memori ya 4GB, huwasumbua wenye mashine hizi: nyingi ni nene. Wengine huihamishia kwenye sloti ya pili, lakini ile ina njia nne tu za mawasiliano, tena za kizazi cha pili, kwa hiyo kadi inabanwa. Kuna makasha ya kampuni nyingine yenye nafasi ya kadi nene, kwa hiyo pima kwa rula. Usikubali kuambiwa tu "inaingia".

Kuhusu adapta zinazotoa umeme kwenye waya wa diski kuupeleka kwenye kadi ya pini sita, nawaomba sana mziache. Plagi hiyo ya diski, iitwayo SATA, imetengenezwa kubeba takriban wati 54 upande wa volti 12, wakati kadi yenye pini sita inaweza kudai hadi wati 75 kupitia waya huo. Plastiki huyeyuka. Na kubadilisha pawa saplai si jepesi pia, maana 9020 inatumia plagi ya pini nane kwenye mazabodi badala ya ile ya kawaida ya pini 24.

Sasa twende kwenye kadi zenyewe, na hapa ndipo hela za watu zinapopotea.

Muuzaji atakwambia "hii ni 4GB" kana kwamba GB ndiyo nguvu. GT 730 yenye 4GB za DDR3, aina ya memori ya polepole, ni kadi dhaifu. Memori kubwa yenye kasi ndogo ni tangi kubwa lenye bomba jembamba: maji yapo, hayafiki kwa wakati. Mfano ulio wazi kuliko yote ni GT 1030. Ilitoka 2017 ikiwa na memori ya GDDR5 inayopitisha 48GB kwa sekunde. Mwaka 2018 likatoka toleo la DDR4 lenye jina lile lile, linalopitisha kama 17GB tu. Mtu ananunua "1030" akidhani amepata ile aliyoiona YouTube, kumbe ana kadi yenye memori ya kasi ya theluthi moja. Soma boksi na kibandiko kilichopo kwenye kadi. Ukikuta DDR4, rudisha.

GT 710 sitaki hata kuijadili kwa gemu. Inafaa kuongeza monita ya pili, basi. Yenyewe na GT 730 nyingi ni za kizazi cha Kepler, ambacho Nvidia iliacha kukitolea draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) mpya za gemu mwaka 2021.

Kadi ninazozipendekeza mimi watu huzipita dukani kwa sababu hazina jina la gemu: Quadro. Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya wachoraji ramani na wahandisi, na nyingi zilitoka ofisini kama kompyuta yenyewe. Quadro P620 ina wati 40, memori ya GDDR5 na kasi ya 80GB hivi kwa sekunde. Quadro P1000 ina wati 47, memori ya 4GB na viini vya kukokotoa 640, idadi ile ile ya GTX 1050. Zote ni fupi, nyembamba, na hazihitaji waya wa ziada. Zinaingia kwenye 9020 bila kugusa chochote. Ukipata P1000 iliyotumika kwa bei inayokaribiana na GT 1030 mpya, chukua P1000 bila kufikiri mara mbili. GTA V inachezeka vizuri, AutoCAD, programu ya kuchora ramani, inapumua.

Kwa wahariri wa video za harusi na wanaorusha matangazo ya moja kwa moja kuna sababu kubwa zaidi. GT 1030 haina kabisa kile kipande cha ndani kinachofinyanga video, ambacho OBS (programu ya kurusha matangazo) na programu za kuhariri hukitumia kupunguzia prosesa mzigo. P620 na P1000 wanacho. Ukitoa video ya saa nzima kwenye i5 ya zamani utaiona tofauti hiyo mwenyewe.

Ubaya wao ni matundu. Zina mini DisplayPort peke yake, na monita nyingi tulizonazo ni za VGA au HDMI, kwa hiyo weka bajeti ya adapta. Kwa VGA ununue ile yenye saketi ya kugeuza mawimbi ndani yake. Na kadi iliyotolewa kwenye kompyuta kubwa huja na kibamba kirefu, kwa hiyo mdai muuzaji kile kifupi kabla hujalipa. Kukitafuta peke yake ni kazi.

Ukiwa na uwezo zaidi, T600 na T1000 ni ndugu zao wa kizazi kipya zaidi, za wati 40 na 50, na zina faida ya draiva. Kizazi cha Pascal, walimo P620, P1000, 1050 Ti na 1030, kilipata draiva mpya ya mwisho ya gemu Oktoba 2025, na marekebisho ya usalama yameahidiwa hadi Oktoba 2028. RX 6400 ya AMD ni fupi na ina nguvu, ila inatumia njia nne tu na ilikusudiwa mazabodi za PCI Express kizazi cha nne. Kwenye mashine hizi inapoteza sehemu ya uwezo, na haina kifinyanga video. Kadi za Intel Arc ziache. Zinategemea uwezo wa mazabodi unaoitwa Resizable BAR, na mashine za umri huu hazina.

Kuna kadi bandia. Watu huchukua kadi za zamani za kizazi cha Fermi, wakazibadilisha programu ya ndani ili zijitambulishe kama 1050 Ti. Windows inadanganyika. Ukiona "1050 Ti" ina tundu la VGA, shtuka, kwa sababu chipu ya Pascal haitoi mawimbi ya VGA. Nenda dukani na flashi yenye GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi. Matoleo yake tangu 2018 huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi bandia za Nvidia. Muuzaji mkweli hatakataa uichomeke na kuijaribu robo saa.

Kabla ya yote hayo, angalia RAM. Kama mashine ina kipande kimoja cha 8GB, ongeza cha pili. Grafiki ya ndani ya Intel HD 4600 inategemea RAM hiyo hiyo, na vipande viwili huipa njia mbili. Kwa mtu anayecheza gemu ndogo na kuangalia filamu, hilo pamoja na SSD vinaweza kutosha, na hela ya kadi ikabaki.

Siku ya kuifunga, sasisha BIOS (programu ya msingi ya mazabodi) kwanza ukiwa bado unatumia grafiki ya ndani, kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo mazabodi inaweza kufa. Zima, chomoa waya wa ukutani, sukuma kadi mpaka kilimi cha sloti kilie, kisha hamishia waya wa monita kwenye kadi. Ukiuacha kwenye tundu la mazabodi, skrini inaweza kubaki nyeusi ukadhani umeuziwa kadi mbovu.