Maswali ya Wasomaji: Bastola isafishwe lini, na mafuta yapakwe kiasi gani?

Barua nyingi mara hii zinahusu usafi wa bastola. Kabla ya kuzijibu, kuna hatua moja inayohusu majibu yote. Toa magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini) kwanza, ndipo uvute slaidi (kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele). Ukianza na slaidi, itaitupa risasi iliyo ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na kupakia nyingine papo hapo kutoka kwenye magazini, nawe utadhani silaha ni tupu. Slaidi ikiwa imefungwa nyuma, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza ncha ya kidole uguse tundu lenyewe. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Tunalisisitiza hili kwa sababu bastola kadhaa za siku hizi, Glock zikiwemo, haziachii slaidi itoke wakati wa kuzifungua mpaka ubonyeze triga. Asiyehakikisha chemba anaweza kufyatua akiwa mezani na kitambaa mkononi.

SWALI: Ndugu wahariri, nina bastola ya milimita 9 inayojipakia yenyewe. Naenda kulenga shabaha mara moja au mbili kwa mwezi, nikifyatua risasi kama 100 kila safari, na siku nyingi huwa ninayo kiunoni. Mwalimu wangu anasema niisafishe kila ninapotoka uwanjani. Rafiki yangu anasema mara moja kwa mwaka yatosha. Nimfuate yupi?

JIBU: Mfuate mwalimu. Rafiki yako naye ana chembe ya ukweli: bastola nzuri ya kisasa haikwami kwa risasi 100, na nyingi hupitisha mamia kadhaa bila kuguswa. Ila wewe unaibeba, kwa hiyo unahitaji kuijua hali yake leo. Halafu masizi ya jioni hiyo hiyo hutoka kwa kitambaa. Yakikaa miezi na kurundikiwa mengine, yanageuka ukoko unaotaka kukwanguliwa.

Ratiba yako iongozwe na mambo matatu yanayokwenda kila moja kwa mwendo wake. Masizi hutokana na kufyatua, basi safisha kila baada ya kufyatua. Jasho hutokana na kubeba, na jasho ni chumvi: kila wiki futa nje kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, ukianzia upande unaogusa mwili. Mafuta nayo huondoka yenyewe hata silaha isipoguswa, yanateleza chini, yanakauka, yananyonywa na vumbi. Kwa hiyo kila mwezi fungua bastola unayoibeba, ondoa nyuzi za nguo na vumbi, urudishe matone yaliyopotea. Iliyolala kabatini ikaguliwe angalau kila miezi 3.

Kazi yenyewe huchukua kama dakika 20. Tenganisha vipande vinne tu: slaidi, mtutu, springi ya kurudisha slaidi, na fremu. Chovya kitambaa kwenye kiyeyushi (dawa ya kuyeyusha masizi), kipitishe ndani ya mtutu kuanzia upande wa chemba hadi mdomoni, uache dakika 5 hadi 10. Pitisha brashi ya shaba ya kipimo cha mtutu wako mara 8 hadi 10, na kila mara itokeze yote mdomoni kabla ya kuirudisha. Brashi ikigeuziwa katikati ya mtutu, nywele zake zinakunjika na kukwama. Malizia kwa vitambaa vikavu mpaka kitoke kisafi. Usishangae ukiona kitambaa kikitoka na rangi ya kijani au samawati ingawa umesafisha vya kutosha: viyeyushi vya kuondoa shaba hula hata brashi ya shaba, na rangi hiyo huenda inatoka kwenye brashi yenyewe.

Kisha uso wa slaidi, yaani pale kitako cha risasi kinapoegemea, na chini ya ndoana inayong'oa ganda. Hapo ndipo penye hila. Masizi yaliyobanwa chini ya ndoana huizuia isishike ukingo wa ganda sawasawa, ganda linabaki ndani ya chemba, na risasi inayofuata inagonga mgongoni mwake. Tumia mswaki wa nailoni na kijiti cha mbao chenye ncha. Shika slaidi mdomo ukiangalia chini, uchafu uangukie nje badala ya kuingia kwenye tundu la pini inayogonga risasi.

Mafuta sasa. Chuma hujieleza chenyewe: palipong'aa kwa kusuguana ndipo panapotaka mafuta. Tone moja kwenye kila reli ambayo slaidi huteleza juu yake, tone moja la kusambazwa kwa kidole kuzunguka nje ya mtutu na juu ya chemba, na tone moja pale upau wa triga unapogusana na kipande kinachouachia. Kwa bastola nyingi hayo ni matone 5 au 6 tu. Rudishia, vuta slaidi mara kadhaa, ufute yaliyojitokeza. Ukigusa reli, kidole king'ae kisilowe.

Mwisho, ikiwa bado tupu na imeelekezwa mahali salama, bonyeza triga usikie pini ikigonga, uishikilie hapo hapo, vuta slaidi na kuiachia, kisha legeza triga polepole. Lazima usikie mlio mdogo ikirudi mahali pake. Usiposikia, fungua tena. Kufungua mpaka ndani ya slaidi na kutoa pini si kazi ya kila wiki. Wengi huifanya mara moja kwa mwaka au kila baada ya risasi 2,000 hivi, na kama kitabu cha mtengenezaji hakikuruhusu, mpelekee fundi wa silaha.

SWALI: Bastola yangu naipaka mafuta mengi kila wiki, mpaka yanachuruzika. Cha ajabu, nikifyatua inagonga "tak" bila kulipuka. Nimebadilisha risasi za aina mbili, tatizo ni lile lile.

JIBU: Okota risasi iliyokataa, baada ya kuacha silaha imeelekezwa shabahani kwa sekunde 30 hivi, maana baruti inaweza kuchelewa. Tazama kitako chake. Katikati pana kibati cha kuwashia chenye kidimbwi kilichoachwa na pini. Ukiona kidimbwi ni cha juujuu, si cha kina, bila shaka yoyote kubwa pini inapungukiwa nguvu. Mafuta uliyomimina yameingia kwenye tundu lake, yakachanganyika na masizi na vumbi la shaba, yakawa tope. Pini inasafiri ndani ya tope hilo badala ya kuruka.

Tundu la pini halitaki mafuta hata tone. Slaidi ifunguliwe ndani, pini na springi yake zioshwe kwa kiyeyushi, vyote vikaushwe kabisa na kurudishwa vikavu. Ikiendelea kukataa baada ya hapo, huenda springi ya pini imechoka.

Magazini pia iwe kavu ndani, na vilevile chemba. Mafuta yanaweza kupenya kwenye kibati na kuua risasi, na hiyo utaigundua siku usiyoitaka. Risasi ulizokuwa ukizibeba ndani ya bastola hiyo ziondoe kwenye matumizi.

SWALI: Mimi natumia rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka yenye matundu ya risasi. Nikishafyatua risasi 30 au 40 silinda haifungi vizuri, na triga inakuwa nzito kama inavuta gari. Nimepaka mafuta kila mahali, haisaidii.

JIBU: Fungua silinda, sukuma kile kijiti cha kutolea maganda hadi mwisho, utazame chini ya nyota yake, yaani kile kibati cha umbo la nyota kinachoinua maganda. Tunakaribia kuona kutoka hapa: chembe chache za baruti ambayo haikuungua, kila moja ndogo kama punje ya mchanga. Hizo zinatosha, maana nafasi kati ya silinda na mtutu ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita au kuzidi kidogo. Nyota ikiinuliwa na punje moja, silinda inasukumwa mbele na kuanza kusugua.

Piga mswaki mkavu chini ya nyota na kwenye kitako chake. Hapo usiweke mafuta kabisa, kwa sababu ndiyo yanayonasa chembe. Kuanzia sasa, unapotoa maganda, elekeza mdomo wa mtutu juu na upige kijiti kwa nguvu mara moja, maganda na chembe vianguke pamoja chini. Ukikisukuma mtutu ukiwa umelala, chembe zinabaki nyuma. Safisha pia uso wa mbele wa silinda, ingawa weusi wa pale hautaisha wote na haudhuru. Kagua vilevile kama kijiti kimelegea kwenye nyuzi zake za skrubu, kwani kikijifungua kidogo silinda hukwama vivyo hivyo.

SWALI: Je, naweza kutumia WD-40, au mafuta ya kupikia, au ya cherehani?

JIBU: WD-40 ya kawaida ilitengenezwa kufukuza maji, na kwa kazi hiyo ni nzuri: silaha ikinyeshewa, ipulizie, uifute, kisha upake mafuta halisi. Haidumu kama kilainishi. Mafuta ya kupikia usiyajaribu. Yakikutana na hewa na joto yanaganda kama gundi. Ya cherehani ni mepesi na hulainisha vizuri, ila hukauka upesi na hayazuii kutu vya kutosha. Mafuta ya injini yanafaa ukikosa ya silaha.

SWALI: Naihifadhi kwenye mfuko wake wa ngozi, ndani ya sanduku la chuma. Mbona inatoka madoa ya kutu?

JIBU: Mfuko ndio unaoiozesha. Ngozi huvuta unyevu na huwa na masalia ya dawa za kuitengenezea. Mfuko ni wa kubebea. Bastola ilale nje yake, imepakwa utando mwembamba wa mafuta, na pakiti za kunyonya unyevu ziwekwe sandukuni na kubadilishwa zikishajaa. Madoa mapya hutoka kwa mafuta na kitambaa kikavu. Msasa utaondoa na rangi ya kinga.

SWALI: Nasafishia kwenye meza ya kulia chakula, nikitandika gazeti. Mke wangu hapendi. Nani ana haki?

JIBU: Mkeo. Yale masizi yana madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, kutoka kwenye kichwa cha risasi na kwenye kemikali ya kibati cha kuwashia. Yakiingia mwilini hukaa humo muda mrefu, na mtoto mdogo huumizwa na kiasi kidogo kuliko mtu mzima. Hamia penye hewa inayopita, vaa glavu za naitrili, usile wala kuvuta sigara hapo. Ukimaliza, kusanya vitambaa kwenye mfuko uliofungwa, pangusa meza kwa kitambaa chenye maji na sabuni badala ya kufagia, nawa mikono kwa sabuni, na shati ulilovaa lisifuliwe pamoja na nguo za watoto.