Kwa nini watu wa mwaka 802,701 ni dhaifu

Umeuliza kwa nini H. G. Wells, katika riwaya yake The Time Machine (1895), anampeleka msafiri wake hadi mwaka 802,701 halafu anamkutanisha na watu dhaifu, si wenye akili kutuzidi. Ni kwa sababu Wells aliijua biolojia. Alifundishwa London na T. H. Huxley, mtetezi mkubwa wa Darwin. Mageuko ya viumbe hayalengi ubora. Kiumbe hubaki na kinachomfaa pale alipo. Wapo samaki wa mapangoni waliopoteza macho kabisa na wanaishi vizuri tu. Ndivyo walivyo Waeloi, watu hao dhaifu: kimo cha futi 4 hivi, hawafanyi kazi yoyote, basi nguvu na udadisi vimewatoka. Wamorlock, wazao wa wafanyakazi waliosukumwa chini ya ardhi, wamepauka, na macho yao makubwa hayavumilii mwanga. Matabaka ya Uingereza ya enzi zake ndiyo yaliyomkera Wells hasa.

Muda nao unatosha kwa mabadiliko hayo: ni miaka kama 800,000 mbele. Mabaki ya zamani zaidi ya binadamu wa aina yetu, yale ya Jebel Irhoud nchini Moroko, yana miaka kama 300,000 tu. Hadithi inayombadilisha mtu kwa usiku mmoja mimi huiacha njiani.