Mezani kwa Mama Fundi: Chumba tumepata, je, tununue mashine gani?

*Shikamoo Mama Fundi. Tuko vijana saba hapa Morogoro, watano tumesomea umeme na wawili kompyuta. Baba mdogo wa mwenzetu ametupa chumba nyuma ya duka lake, bure kwa mwaka mmoja. Tunataka pawe hakaspesi, yaani karakana ya pamoja ambako mtu yeyote anaingia na wazo lake na kutoka na kitu. Tumechanga milioni moja na laki nne. Wanne wanataka printa ya 3D, ile mashine inayochapa vitu vya plastiki, sisi watatu tunasema tusubiri. Tumeanza kununiana. — Mmoja wa watatu, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Nyinyi watatu mko sahihi, ila usiende kuwasomea hao wanne majibu haya kwa kujidai. Bado mnawahitaji kubeba meza.

Nasema kwa uchungu kwa sababu printa tunayo hapa karakanani kwetu Dar. Uzi wake wa plastiki, ule wa PLA, unanyonya unyevu, na hewa ya Dar mwezi wa nne unaweza kuikamua. Uzi uliolowa ukipita kwenye pua ya mashine yenye nyuzi joto 200, maji yanachemka ndani yake. Unasikia tk, tk, tk, kama mafuta yaliyodondokewa na maji, na kitu kinatoka kina ndevu. Morogoro hamna bahari lakini masika mnayo. Halafu umeme. Kazi ya saa sita, saa ya tano umeme unakatika. Ipo mashine inayoweza kuendelea ilipoishia, lakini umeme ukirudi sahani imeshapoa na kifaa kimebanduka. Na miezi mitatu ya mwanzo tulitengeneza nini? Vishikizo vya funguo, thelathini na kitu, vyote umbo la Kilimanjaro. Mpaka leo navikuta kwenye droo.

Siku printa ilipotulipa, ililetewa kazi na cherehani. Fundi nguo wa mtaa wa pili alikuja na gia ya plastiki iliyong'oka meno matatu, kipuri kakitafuta Kariakoo nzima kakikosa. Kijana wetu mmoja aliipima kwa kalipa, kile kipimo cha kubana, akaichora, akaichapa, ikavunjika. Akaichapa nene zaidi, ikavunjika tena. Ndipo fundi nguo, aliyekuwa amekaa pembeni na kikombe chake, akasema: "Wewe unaangalia meno. Angalia pale inapokaa kwenye fimbo, inacheza." Gia ya tatu ilikaa. Sasa jiulize huyu mzee alifikaje kwetu. Hakuja kwa sababu ya printa, hakujua ni nini. Miezi miwili kabla alikuja kupimiwa chaja ya simu kwa mita ya volti ya bei rahisi, akapewa chai, akazoea.

Basi nunueni kitakachomleta jirani. Mita mbili za volti, vyuma viwili vya kulehemu, drili, msumeno, seti ya bisibisi isiyo ya mchezo, ekstensheni nzito, na meza ya mbao ngumu iliyofungwa ukutani kwa skrubu. Juu ya meza piga ubao, kila zana ichorewe kivuli chake kwa rangi nyeupe. Saa ya kufunga, kivuli cha plaisi kikiwa wazi kila mtu anaona, na hakuna haja ya kupekuana mifuko.

Mwaka 2007 Wajerumani wawili, Jens Ohlig na Lars Weiler, walisimama kwenye kambi ya Chaos Computer Club, klabu ya mahaka ya huko Ujerumani, wakaeleza karakana za namna hii zinavyojengwa zikadumu. Hawakuwa wanabahatisha, kwao Ujerumani, kule Berlin, hakaspesi ya c-base ilikuwapo tangu 1995. Wamarekani waliowasikiliza walirudi kwao wakachangamka, haukupita muda San Francisco ikapata hakaspesi ya Noisebridge na New York ikapata NYC Resistor. Ushauri wao mmoja naupenda sana: msipoteze muda kutafuta siku ya kikao inayomfaa kila mtu, maana haipo. Chagueni Jumanne, basi. Sisi tulichagua Jumamosi saa nane mchana, na wanaolalamika leo ni walewale ambao wangelalamikia Jumanne. Ushauri wao mwingine ni kwamba anzeni na chumba, umeme, intaneti na jiko, kazi zitakuja zenyewe. Huo nakubali nusu. Kwao umeme ukishaingizwa umeingia. Kwetu LUKU ni ajenda ya kila wiki.

Kwa hiyo katika hiyo milioni moja na laki nne mimi ningetumia kama laki sita kwenye zana na meza. Inayobaki iwe kibubu cha LUKU na cha kodi ya mwaka wa pili, kwa sababu "bure kwa mwaka mmoja" ina neno "mmoja" ndani yake. Na hayo ya baba mdogo yaandikeni kwenye karatasi, msione haya. Msichoandika leo kwa aibu, mwakani shangazi yenu mkubwa atakuja kuwauliza.

Hao wanne wakizidi kung'ang'ania, wapeni kazi. Mwaka 2013 Kodjo Afate Gnikou wa Lomé, Togo, alijiundia printa ya 3D kwa mabaki ya skana na kompyuta mbovu. Ndani ya skana iliyokufa mara nyingi unakuta mota inayotembea kwa hatua ndogondogo na fimbo ya chuma iliyonyooka vizuri. Waambie wakikusanya skana tano tutaongea habari ya printa.

*Assalaam alaykum. Kijana wangu wa kidato cha tano kila likizo yuko kwenye hakaspesi. Nasikia haka ni mwizi wa mitandaoni. Nimkataze? — Mzazi, Tanga*

Waalaykumu salaam kaka yangu. Neno hilo lilianza kutumika hivyo kwa wanafunzi wa MIT huko Marekani, kwenye klabu ya treni ndogo za mfano, mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuingia ya 1960. Haka alikuwa mtu asiyeweza kuona swichi bila kuifungua ajue inafanyaje kazi. Maana ya wizi ilikuja kubandikwa baadaye.

Ila usinisikilize mimi, nenda mwenyewe bila kumwambia. Ukikuta mlango uko wazi na watu wanabishana kwa sauti juu ya pampu ya maji, rudi nyumbani ukalale. Ukiingia wakageuza skrini, hapo mna la kuzungumza.

*Mama Fundi shikamoo. Kwenye karakana yetu tuko kumi na mmoja, msichana ni mimi peke yangu. Kulehemu nawazidi, wenyewe wanakiri. Lakini kila kikao "dada andika muhtasari", ikifika saa kumi "dada chai". Nikisema, naambiwa nina hasira. — Mwenye hasira, Dodoma*

Marahaba mwanangu mwenye hasira. Nimecheka, kisha kicheko kikaniisha.

Mwaka 1989 niliingia kazini kwenye chumba cha mitambo ya simu, mwanamke peke yangu. Kabla hawajajua kwamba nasoma mchoro, mimi nilishajua nani anatia vijiko vitatu vya sukari na nani ana kisukari anadanganya. Miaka miwili. Siku niliyoacha kuwachemshia walikunywa maji. Hakuna aliyekufa.

Bandika zamu ukutani. Chai, kufagia, muhtasari, kununua LUKU, kumwaga taka. Majina kwa alfabeti, mwanzilishi na mwenyekiti wakiwemo. Usiombe ruhusa, andika kwa kalamu nene ubandike siku watu wamejaa. Atakayebandua itabidi aeleze kwa nini.

Jambo la pili, usigombee uongozi sasa. Omba ufunguo. Mwenye ufunguo ndiye anayeamua nani anaingia lini. Mimi nilipopewa wangu nilianza kufungua Jumatano jioni kwa wasichana na akina mama. Jumatano ya kwanza walikuja wawili, mmoja na pasi isiyopata moto. Tuliifungua: ndani ya kibomba cheupe kuna fyuzi ya joto, ndogo, unene wa kijiti cha kiberiti, imekatika. Binti akanunua mpya, akailehemu vizuri, kazi safi inayong'aa. Tukachomeka, kimya. Akaweka nyingine, akalehemu, kimya. Nilimwacha kwa makusudi, Mungu anisamehe, zile fyuzi si ghali. Akanitazama, akatazama chuma chake cha kulehemu, akasema taratibu: "Naikata mwenyewe." Naam. Fyuzi ile kazi yake ni kukatika ikipata joto, na yeye anaipelekea joto mikononi. Inabanwa kwa kishikio cha chuma na plaisi, hailehemiwi. Huyo sasa ndiye anayewafundisha wavulana wa Jumamosi, na wanaoingia na fyuzi ya pasi anawaacha walehemu kwanza.

Umeuliza pia kwenye karatasi ndogo kama moshi wa kulehemu ni wa risasi. Moshi ule hasa ni wa utomvu ulio ndani ya waya wa kulehemia. Risasi haigeuki moshi kwa joto lile, ila utomvu unawasha kifua, kwa hiyo fungueni dirisha na muweke feni ivute kuelekea nje. Risasi inabaki vidoleni. Nawa kabla ya kitumbua.

*Mama, tunafungua betri za laptopu zilizokufa, tunatoa seli nzima nzima tunaunda taa za kuchaji. Kuna moja inapata joto ikiwa kwenye chaji, lakini inawaka vizuri. Tuendelee nayo? — Karakana ya wanafunzi, Mbeya*

Hapana. Mtu mmoja akaichomoe sasa hivi, mwingine ataendelea kusoma.

Seli zile za duara za lithiamu, zinazoitwa 18650, zikijaa ni volti 4.2, msipite hapo. Mkipima mkakuta iko chini ya volti 2, msijaribu kuifufua hata kama mnaionea huruma. Iliyobonyea, iliyochubuka ganda, au inayopata joto kwenye chaji huku wenzake wamepoa, hiyo imekwisha, taa yake isiwadanganye. Wekeni ndoo ya mchanga mkavu nje ya mlango, seli mbovu ikae humo, ncha zake zimefunikwa kwa utepe wa kunata. Narudia nje ya mlango, kwa sababu kwetu ilikaa chini ya meza, jirani na gunia la vitambaa vya fundi nguo, na meza yetu ya sasa, kama ile niliyowashauri wa Morogoro, tuliinunua kwa sababu.