Maswali yenu kuhusu magavana wa Mwingereza

Safari hii maswali yamekuja mengi, na karibu yote yananitaka nigawe magavana mafungu mawili, wema upande huu na wabaya upande ule. Nimechagua machache. Lile la gavana wa kwanza nalijibu leo, na nikiletewa tena nitalipita kama sijaliona.

Gavana wa kwanza wa Kiingereza Tanganyika alikuwa nani? (Msomaji, Singida)

Horace Byatt. Si Cameron, wala si Twining. Alianza kama msimamizi wa maeneo aliyonyang'anywa Mjerumani, akapewa cheo cha gavana mwaka 1920, akaondoka mwaka 1924.

Shuleni tulifundishwa kuwa Twining alikuwa mkorofi, na Turnbull ndiye aliyetupa Uhuru kwa amani. Mbona hatumuenzi Turnbull? (Msomaji, Mwanza)

Kwa sababu Uhuru hakuutoa mfukoni mwake. Tuanze na huyo mkorofi. Edward Twining alikaa Dar es Salaam tangu 1949 hadi 1958. Alipenda sherehe na mapambo ya kifalme kiasi kwamba alipostaafu alitoa kitabu kizima kuhusu mataji na hazina za wafalme wa Ulaya. Wakati wake, mwaka 1951, Wameru wa Engare Nanyuki walihamishwa kwa nguvu ili ardhi yao wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Kirilo Japhet akapelekwa na wenzake Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, akaeleza kisa chote mbele ya dunia. Ardhi haikurudi kwa hotuba ile, lakini nchi nzima ilijua kwamba gavana naye ana mkubwa wa kushtakiwa kwake, maana Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini, chini ya Umoja wa Mataifa.

Twining alijibu kwa siasa. Mwaka 1956 kikazaliwa chama cha UTP (United Tanganyika Party) kwa baraka zake, na uchaguzi ukapangwa kwa mtindo wa kura tatu. Kwanza ulitakiwa uwe na kipato, elimu au cheo cha kukuruhusu kujiandikisha. Ukishafika kituoni unapewa karatasi, na ni lazima uchague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Ukiacha nafasi moja wazi, kura yako yote imeharibika. Nchi ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu kama 20,000, na hawa wote wakawekwa sawa kwenye karatasi moja. TANU nusura ivunjike kwa jambo hilo. Kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, Nyerere aliwashawishi wenzake waingie kwenye uchaguzi huo huo wa kukera, na Zuberi Mtemvu akajitoa kuanzisha chama chake. TANU ikawaunga mkono Wazungu na Waasia iliowaamini, ikashinda, na UTP ikafia hapo.

Richard Turnbull alifika katikati ya 1958, Nyerere akiwa na kesi ya kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya. Hukumu ilikuwa faini ya pauni 150 au jela miezi sita. Nyerere akalipa. Turnbull alikuwa ametoka Kenya, ambako alikuwa Katibu Mkuu wa serikali wakati wa Hali ya Hatari, yaani vita ya Mau Mau, kwa hiyo alijua vita ya aina ile inagharimu nini. Lakini msisahau kwamba mwanzoni mwa 1959 magavana wa Afrika Mashariki walipokutana na waziri wao huko Uingereza, mwaka uliotajwa kwa Uhuru wa Tanganyika ulikuwa 1970. Kilichobadilisha tarehe hiyo ni ushindi wa TANU, waziri mpya wa makoloni London, Iain Macleod, na polisi wachache wasioweza kuishika nchi kubwa namna ile ikikataa kutawaliwa. Turnbull aliliona hilo mapema kuliko wakubwa zake. Sifa hiyo nampa, na ni sifa ya mtu anayejua hesabu.

Mnaotaka kumtangaza mtakatifu, mfuateni Aden, Uarabuni. Alipelekwa kutawala huko mwaka 1965, na mwaka 1967 akaondolewa mji ukiwa unawaka moto. Mtu ni yule yule. Kilichokosekana Aden ni chama cha kukaa naye mezani.

Gavana gani alikuwa mbaya kuliko wote? (Wasomaji wengi)

Sipangi ligi. Na wale mliomtaja von Götzen, yule alikuwa Mjerumani.

Wewe huwa unasema utawala wa Cameron wa kupitia machifu ulikuwa ujanja. Machifu wetu walikuwepo kabla ya Mzungu. Ujanja uko wapi? (Msomaji, Bukoba)

Kwa Bukoba una haki ya kusema hivyo. Wahaya walikuwa na wafalme wao, na Wachaga, Wanyamwezi na wengine walikuwa na watawala wanaojulikana. Sasa shuka kusini kwa Wamakonde, ambako mambo yaliamuliwa na wazee wa koo na hakuna aliyetawala uwanda mzima. Donald Cameron alikuja mwaka 1925 akitokea Nigeria, na mwaka 1926 akatoa sheria ya serikali za wenyeji. Sheria ilihitaji watawala wa kuitekeleza, kwa hiyo pale walipokosekana ilibidi wapatikane. Maofisa wa wilaya walizunguka wakiwahoji wazee kuhusu koo na mipaka, na mtu aliyekuwa mkubwa wa kijiji akajikuta ana eneo, baraza, mahakama na mshahara.

Ujanja ndio huo. London ilitaka kila nchi ijilipie gharama zake, na Wazungu wa kutawala walikuwa wachache. Chifu alikusanya kodi, akahukumu kesi, akatangaza amri za kilimo, na mshahara wake ukatoka kwenye hazina ya wenyeji, yaani kwenye kodi ile ile aliyoikusanya. Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya wa Kizungu, alikaa bomani na daftari lake. Chifu akisita anaondolewa, akitii anachukiwa. Uluguru mwaka 1955, watu walipochoka kulazimishwa kulima matuta milimani, hasira ziliwashukia kwanza watawala wao wenyewe. Gavana alikuwa Dar es Salaam, mbali na jembe.

Siwadharau machifu. Wengine walijitahidi kuwakinga watu wao, na wapo waliojiunga na TANU kwa siri kabla hawajathubutu hadharani. Ila angalia hesabu ya madaraka. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1926 huo huo wa Cameron, na hakuna Mwafrika aliyekaa humo mpaka 1945, walipoteuliwa Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali. Wote wawili walikuwa machifu, na wote walichaguliwa na gavana. Miaka 19 nchi ilitungiwa sheria bila Mwafrika hata mmoja barazani.

Na kwa kuwa hamkuuliza, naongeza. Shule ya Tabora iliwekwa kwa ajili ya watoto wa machifu, ili waje kuwa watumishi wazuri wa mpango huo. Mmoja wao alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Machifu walifutwa kisheria mwaka 1963, na huyo mtoto ndiye alikuwa Rais.

Zanzibar nayo ilikuwa na gavana? (Msomaji, Wete)

Hapana. Ilikuwa na Sultani, na pembeni ya Sultani alikaa Balozi Mkaazi wa Kiingereza, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho. Tangu 1913 hadi 1925 Balozi huyo alisimamiwa na gavana aliyekaa Nairobi, jambo ambalo Wazanzibari wa zamani hawakulifurahia hata kidogo. Mombasa na ukanda wake wa maili kumi navyo vilihesabika kuwa mali ya Sultani, Mwingereza akilipa kodi ya pango, mpaka 1963. Wanaoandika kwamba pwani yote ilikuwa koloni wasome tena.

Ni kweli gavana wa Kenya aliamuru watu wafanye kazi kwa nguvu kwenye mashamba ya walowezi? (Msomaji, Nyeri)

Edward Northey alitoa waraka Oktoba 1919. Lugha yake ilikuwa laini. Maofisa na machifu watakiwa "kuhimiza" vijana waende kazini kwa walowezi, na chifu asiyehimiza ataandikwa jina. Mtu yeyote aliyewahi kuhimizwa na askari wa chifu alfajiri anajua maana yake. Wamisionari wenyewe walipiga kelele mpaka London.

Waraka huo haukufanya kazi peke yake. Wakati huo huo kipande kilikuwa kinaanza kutumika. Kila mwanamume Mwafrika wa kufanya kazi alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kikopo cha bati kilichofungwa kwa kamba na kuning'inizwa shingoni. Hukuweza kumkimbia mwajiri mbaya, kwa sababu mwajiri mpya angesoma kwamba bado hujaachiliwa. Harry Thuku, mwanasiasa wa Nairobi, alipolisemea hilo alikamatwa Machi 1922. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi. Mary Muthoni Nyanjiru akawakejeli wanaume kwa kusita kwao, risasi zikapigwa, na yeye akawa miongoni mwa waliouawa. Northey aliitwa arudi kwao mwaka huo huo. Kipande kilibaki.

Babu yangu husema wakati wa gavana hakukuwa na rushwa wala upendeleo. Sheria ilikuwa sheria. (Msomaji, Nakuru)

Msalimie babu. Pengine karani wa boma lake kweli hakuchukua kitu. Lakini tukipanda juu kidogo tunamkuta Evelyn Baring, aliyetangaza Hali ya Hatari Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Kwa kesi ya Kapenguria alipatikana hakimu aliyekwisha kustaafu, Ransley Thacker, akamtia hatiani Jomo Kenyatta na wenzake watano. Wanahistoria wameandika kwamba hakimu huyo alilipwa pauni 20,000 pembeni, kwa ujuzi wa gavana mwenyewe. Hiyo mimi sijui kuiita jina jingine.

Upendeleo ndio usiseme. Nyanda za juu zilitengwa kwa Wazungu kisheria. Mahakama za Hali ya Hatari zilinyonga zaidi ya watu 1,000. Kambini Hola, Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa, na taarifa ya kwanza ya serikali ikasema walikunywa maji machafu. Sheria ilikuwa sheria, ndiyo, na aliyeitunga alikuwa mwenye shamba.

Hadithi hizi za "enzi za mkoloni mambo yalinyooka" nazisikia sana siku hizi, hasa kutoka kwa watu ambao umeme umewakatikia. Kukasirikia serikali yako ya leo ni haki yako. Kumtafuta Baring akusaidie kukasirika ni jambo jingine.

Gavana wa kaunti wa leo ana tofauti gani na gavana wa mkoloni? (Msomaji, Kakamega)

Wa leo unampigia kura, na bunge la kaunti likimchoka linaweza kuanza kumng'oa, kama Nairobi walivyoshuhudia Desemba 2020. Wa mkoloni aliajiriwa na London na angeweza kuondolewa na London tu. Aliongoza serikali, akateua wajumbe wa baraza, na akaweza kumtoa mtu kwao na kumpeleka uhamishoni kwa amri. Andrew Cohen wa Uganda, ambaye vitabu vingi vinamwita mpenda maendeleo, alimpakia Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, kwenye ndege Novemba 1953 na kumpeleka Uingereza. Kabaka alirudi Oktoba 1955, na Waganda ndio waliomrudisha.

Kwa hiyo, msomaji wa Kakamega, mrithi wa gavana yule humtafuti kwenye kaunti. Madaraka yake yalikwenda kwa rais, na mkono wake ukabaki kwa wakuu wa mikoa na wilaya na machifu. Kenya iliendelea na sheria ya mamlaka ya machifu ya miaka ya 1930 kwa miongo kadhaa baada ya bendera ya Mwingereza kushuka, mpaka ilipopunguzwa makali mwaka 1997. Tanganyika, kabla haijatimiza mwaka mmoja wa Uhuru, ilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, mwaka 1962. Kenya ikafuata na yake mwaka 1966. Waliopitisha sheria hizi walikuwa wamewahi kuandamwa na sheria za namna hiyo. Ninapoandika hivi huwa napata barua za hasira kutoka pande zote mbili za mpaka. Zileteni, lakini zije na namba ya sheria.

Nikitaka kusoma barua za magavana wenyewe niende wapi? (Msomaji, Dodoma)

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kwa Kenya, Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi. Kwa Zanzibar, Kilimani. Zilizobaki ziko Kew, London, pamoja na zile Uingereza ilizozificha kwa miaka mingi mpaka wazee wa Mau Mau walipoishtaki. Mahakama ndiyo iliyolazimisha kabati lifunguke mwaka 2011, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Mafaili mengine yalichomwa moto kabla ya Uhuru kwa maagizo maalumu, kwa hiyo usishangae ukikuta jalada lina jalada tu. Beba penseli, maana kalamu ya wino mara nyingi hawaruhusu, na omba kibali mapema.

Naomba unijibie maswali haya kumi ya kazi ya likizo, mwalimu anayataka Jumatatu. (Mwanafunzi, Kidato cha Tatu)

Manne nimekwisha kuyajibu hapo juu. Yaliyobaki fanya mwenyewe.