Dar hakuna kitu kinaitwa "hayanihusu"

Mleta uzi umeuliza vituko gani tumeviona kwa watu tusiowajua tukiwa kwenye mizunguko ya kawaida ya mjini. Mimi nipo Dar mkuu, Gongo la Mboto huku, mizunguko yangu ni daladala, Karume, Kariakoo na kwa wakala basi, na kulipa kiingilio nikaangalie wachekeshaji sijawahi kuona sababu. Watu wa mji huu kila shughuli ya mtu ni yao.

Anza na simu kwenye daladala. Jamaa kabanwa mlangoni, tupo Banana, simu inaita, anapokea anajibu bila hata kupepesa, "nipo Ilala Boma hapa bosi, nashuka sasa hivi". Hajamaliza konda huyoo, "Banana wapo? Banana!" Jamaa kaziba simu na kiganja anamwangalia konda utadhani kamuuzia kiwanja hewa. Sasa hapo ndo gari zima likaingilia. Bibi mmoja siti ya mbele akamgeukia konda, "we mtoto nyamaza, mwenzio anaongea na kazini", na konda kweli vituo vilivyofuata akawa anagonga bodi tu hataji jina, halafu kijana wa siti ya nyuma kabisa akaona msaada hautoshi akaanza kuita kwa sauti, "Boma, Boma, Boma shukaa". Hakuna aliyemjua yule jamaa. Simu ilipokatika hata asante hakusema, akaanza kudai konda chenji yake.

Jioni pale Kariakoo ni balaa lingine, watu wanawahi siti kwa kurusha vitu dirishani, leso, mkoba, mtandio, ukiingia unaambiwa hapo pana mtu. Mama mmoja akakuta kitambaa cha watu kwenye siti, akakiokota, akajifutia jasho taratiiibu, akakaa. Mwenye kitambaa anafika anafoka, mama anamrudishia, "asante mwanangu, joto kweli leo". Ungesema nini? Jamaa alisimama mpaka Gongo la Mboto na kitambaa chake mkononi, amekishika kwa vidole viwili.

Na habari ya "nishikie" mnaijua wenyewe. Ukipata siti tu jiandae kupakata mizigo ya waliosimama, mimi nimepakata mpaka kuku na mtoto wa mtu kwa pamoja, mama yake yupo huko mbele hata hanioni, ananiuliza kwa sauti gari zima lisikie, "kaka, huyo mtoto kalala?" Kalala. "Basi usimtikise".

Ila kwangu mimi namba moja ni Karume kwenye mitumba. Kwa msiojua, suruali pale haijaribiwi, unachukua kiuno unakizungusha shingoni, ncha zikikutana kwa nyuma imekutosha, lipa nenda. Kuna kaka alikuwa anapima jinzi, muuzaji anamsifia, "imetoka hiyo tajiri, saizi yako kabisa". Mdada anayepita na mfuko wake wa nyanya akasimama. Akamwangalia shingo. Akamwangalia tumbo. "Kaka usichukue, hiyo shingo yako inakudanganya, na hilo tumbo haviendani." Muuzaji akawaka, "dada umekuja kununua au kukagua?" Dada hana habari naye, "mume wangu ana shingo hiyo hiyo, tunazo tatu nyumbani haziingii". Kaka akairudisha jinzi. Kilichonimaliza ni kwamba akaanza kumuuliza yule dada sasa achukue saizi gani, na dada akatua nyanya chini akaingia kwenye lundo kumchagulia, muuzaji kajishika kiuno hajui acheke au afukuze.

Mawinga wa Kariakoo, wale madalali wanaowatafutia wateja bidhaa, nisiwaseme sana, ukitaka kiatu cha bluu unaletewa cha kijani na kuapiwa juu kwamba bluu ya mzigo mpya ndo hiyo.

Halafu wakala. Kibanda kidogo, foleni imejipanga juani, mzee wa heshima zake, kanzu na baraghashia, anataka kutuma hela. Anataja namba, jina linatokea, wakala anahakiki kwa sauti kama kawaida yao, "Zainabu?" Mzee anaitika kwa chini, "eeh, huyo huyo". Foleni kimya. Muuza karanga aliyekuwa nyuma yake akashindwa kuvumilia, "huyo ndo mama nyumbani, mzee wangu?" Mzee akasema hapana, ni fundi. "Fundi anaitwa Zainabu?" Mwingine akamtetea, siku hizi mafundi wanawake wapo, mpeni mzee nafasi, hata pale mtaani kwetu yupo anayepiga rangi. Mzee akakohoa, fundi cherehani huyo. Basi watu wakatulia, cherehani ina mantiki, hoja imepita. Wakala kainamia simu zake huko akauliza tu la kazi yake,

"Fundi nimuwekee na ya kutolea?"

Mzee akafikiria kidogo. "Muwekee."

Foleni nzima: "Aaaaaah!"