Simu Ilisema Jua, Amani Ikasema Manyunyu

Mara ya kwanza nilipopanda Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, programu ya hali ya hewa ilinionyesha jua siku nzima, nami nikaliacha koti la mvua nyumbani Tanga. Kufika saa nne asubuhi ukungu ulikuwa umeyafunika mashamba ya chai, na saa sita nilikuwa nateremka kwa kushikilia matawi, viatu vikiteleza kwenye udongo mwekundu, huku simu iliyolowa mfukoni ikiendelea kuonyesha jua.

Siilaumu sana. Programu nyingi hutegemea mahesabu yanayoigawa dunia katika vipande vyenye upana wa kilomita kadhaa, na kipande kimoja huweza kumeza bonde, mteremko na kilele kwa pamoja. Milima ile haiko mbali na pwani; upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukiifikia hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, na ukipoa unyevu wake hugeuka mawingu. Ndiyo maana Muheza mjini panaweza kuwa na vumbi siku ambayo msitu wa Amani, uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, unachuruzika maji.

Kwa hiyo nakushauri uanze na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, uangalie hasa upepo unatoka upande gani, kisha umuulize mwenyeji wa huko juu kabla hujaingia njiani. Safari yangu ya pili nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akipalilia iliki, nikamuuliza kama mvua itanyesha.

“Marahaba, mwanangu. Leo hakuna mvua, ni manyunyu tu,” alinijibu, “lakini ujihadhari nayo kuliko mvua.”

Nilimwelewa baada ya saa moja. Mvua ikishuka mtu hutafuta pa kujikinga, ilhali manyunyu huyadharau, akaendelea kutembea hadi shati likamganda mgongoni. Alama ya wingu kwenye kioo cha simu haina nafasi ya tofauti hiyo.

Tangu hapo huandika kumbukumbu zangu njiani kwa maneno ya wenyeji, na hapo simu ina kazi nzuri, mradi uitayarishe. Weka kibodi ya Kiswahili, au angalau zima usahihishaji wa maneno, kwani yangu iliwahi kugeuza “masika” kuwa neno la Kiingereza lenye maana ya barakoa, nikasoma daftari langu jioni kana kwamba nilikwenda hospitali. Pakua ramani ukiwa bado mjini. Simu yenyewe mimi huitia katika kopo tupu la siagi lenye kifuniko kinachobana. Halipendezi, lakini halijawahi kuingiza maji.

Kumbukumbu ya mwisho niliyoandika inasomeka hivi: “Saa 3:40. Upepo umetulia. Ukungu umefika kwenye ule mvule mkubwa. Koti nimevaa.”