Ulaini wa unga huamuliwa kwenye kugandisha, si kwenye kusaga

Ndugu yangu wa Bamburi, umeuliza kwa nini maji yako ya dafu, unayotaka yawe unga, ukishayagandisha usiku kucha kwenye friza na kuyapitisha kwenye mashine ya kukaushia (ile inayonyonya hewa kwa pampu ili barafu igeuke mvuke bila kuyeyuka), yanatoka povu gumu juu na utando unaonata kama gubiti chini, na ukisaga kwa blenda unapata chenga zinazoshikana. Tena kuna aliyekushauri ununue kinu cha bei kubwa. Usinunue. Nimefanya kazi hii miaka mingi kwenye maabara hapa Mombasa, na ukubwa wa chembe huamuliwa pale maji yanapoganda.

Barafu ikijijenga haikubali kitu kingine ndani yake. Sukari na chumvi husukumwa pembeni, zikabanana kati ya fuwele moja ya barafu na nyingine, kama kuta. Barafu ikishaondoka kama mvuke, kinachobaki ni kuta hizo. Friza ya nyumbani, nyuzi 18 chini ya sifuri, hugandisha polepole: fuwele zinakuwa kubwa na kuta zinakuwa nene. Ukigandisha ghafla, kuta huwa nyembamba hata ukizigusa kwa kijiko zinapukutika. Na usiyachemshe maji yapungue kwa kutaka kuokoa muda. Dafu lina kama asilimia 5 tu ya vitu vilivyoyeyuka, na wepesi huo ndio unaokupa unga laini.

Sisi huyanyunyizia maji ya dafu kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Matone hukimbiakimbia juu kwanza, yamebebwa na mvuke wa naitrojeni yenyewe, kisha yanazama yakiwa meupe na magumu. Watengenezaji wa kauri hutumia njia hiyohiyo kwa chumvi za metali, halafu huuchoma ule unga wapate oksaidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni. Lakini chunga sana: lita 1 ya naitrojeni hufura kuwa karibu lita 700 za gesi, nayo hufukuza oksijeni chumbani. Madirisha yawe wazi, vaa miwani na glavu. Ukiikosa naitrojeni, laza trei ya alumini juu ya barafu kavu (kaboni dioksaidi iliyogandishwa), ipoe barabara, ndipo umwage tabaka la milimita chache.

Ule utando wa chini una sababu nyingine. Dafu lina glukosi na fruktosi, na sukari hizo zikishakolea katikati ya barafu huanza kulainika kwenye nyuzi 40 na kitu chini ya sifuri. Kuta zinaporomoka barafu ingali ipo. Kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, presha ya mvuke wa barafu ni kama paskali 13 tu (paskali ni kipimo cha presha), kwa hiyo pampu lazima ishushe presha ya mashine chini ya hapo, na kondensa, yaani sehemu ya baridi inayonasa mvuke, ya nyuzi 50 chini ya sifuri inakuachia nafasi ndogo mno. Kwa mashine ndogo, ongeza maltodekstrini, unga unaotokana na wanga, ambayo hupandisha joto la kulainika. Utamu utapungua kidogo, na lazima uitaje kwenye lebo. Trei usizipashe joto kwa pupa, na uwe na jenereta: stima ikipotea katikati, barafu inayeyuka na kazi yote imekwenda.

Halafu kuna hewa yetu ya pwani, na hapa ndipo wengi wanapoteza mali. Unga laini hunyonya unyevu kwa kasi ya ajabu. Nimeuona unga uliotoka mkavu kabisa, mwezi wa Mei, ukisinyaa na kung'aa mbele ya macho yetu huku mtu akitafuta mifuko. Ukimaliza kukausha, ingiza kwenye mashine naitrojeni kavu au hewa iliyopita kwenye silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu), kamwe si hewa ya chumba. Eisi iwe imewaka tangu mapema, na mifuko ya foili pamoja na mashine ya kuifunga iwe mezani kabla hujafungua mlango.

Anza na madafu ya siku moja, uyagawe mafungu mawili: moja uligandishe kama ulivyozoea, jingine kwa tabaka jembamba kwenye trei ya baridi. Yakaushe pamoja, kisha yapitishe kwenye chekecheke moja. Niletee majibu hapa, na useme kondensa yako inashuka hadi nyuzi ngapi, nipate kukukadiria maltodekstrini ya kutia.